Ouderkerk, kijiji cha mto Amstel kilichowapa makaburi watu waliokataliwa mjini

Ndugu au rafiki yeyote akitua Schiphol swali ni lilelile, tunaenda lini kuona vile vinu vya upepo, na mimi siku hizi nina jibu moja, vinu tutaviona ila kwanza nakupeleka Ouderkerk. Wengi hilo jina hawajawahi hata kulisikia. Ouderkerk aan de Amstel ni kijiji kilichoko kama kilomita 10 kusini mwa Amsterdam, pale kimto kinachoitwa Bullewijk kinapoingia mto Amstel, na kwa sisi tunaokaa Bijlmer, mtaa wa kusini mashariki mwa Amsterdam, wala si safari, unachukua baiskeli, unapita chini ya barabara kuu, unalizunguka ziwa la Ouderkerkerplas, ukiinua macho mnara wa kanisa huo hapo. Nimekutana na Watanzania, Wakenya, Wakongo waliokaa Bijlmer tangu watoto wao hawajazaliwa na hawajawahi kuvuka hilo daraja la kijijini, na inaniuma kidogo, manake pale kuna habari inayotuhusu sisi kabisa na hakuna anayetusimulia.

Kwanza jueni kwamba kijiji ndiyo baba na Amsterdam ndiyo mtoto. Kabla Amsterdam haijawa kitu, yani ni wavuvi wachache kwenye tope la mdomo wa mto, huku juu mtoni walishakaa mabwana wa Aemstel, waliokuwa wanasimamia eneo lote hili kwa niaba ya askofu wa Utrecht. Mwaka 1204 watu wa Kennemerland walikuja wakayachoma makao yao. Amsterdam yenyewe inatajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi mwaka 1275, pale Floris V, mtawala wa Holland, alipowasamehe ushuru watu waliokaa kwenye lile bwawa la mto Amstel, na hata baada ya hapo mambo ya kanisa Amsterdam iliendelea kuwa chini ya parokia ya Ouderkerk mpaka 1334. Huyo Floris aliuawa 1296 na mabwana wenzake, na Gijsbrecht wa Aemstel alikuwa kwenye njama, na hapo ndipo ukoo wake ulipopoteza kila kitu. Mji ukachukuliwa na Holland, ukakua, ukatajirika, na kijiji kikabaki kijiji. Mimi naona ilikuwa heri, kwa sababu kingekua nacho kingebomolewa na kujengwa upya mara kumi na hivi leo tusingekuwa na cha kuona.

Ukifika simama kwanza juu ya tuta la mto kabla hujaingia popote. Mkono mmoja una maji ya Amstel, wapiga makasia wanapita wanahema (kila mwaka kuna mashindano makubwa ya makasia, kilomita 8 kutoka Amsterdam mpaka hapa), na mkono wa pili una majani na ng'ombe, sasa angalia vizuri, ng'ombe wako chini kuliko mto. Kweli kabisa. Maji ya Amstel yanashikiliwa kwenye kipimo cha kama sentimita 40 chini ya usawa wa bahari na mashamba yako chini zaidi ya hapo, mita kadhaa sehemu nyingine. Zamani haikuwa hivi, ardhi ilikuwa juu, lakini udongo wa huku si udongo kama wa kwetu, ni majani na mizizi iliyooza ndani ya maji kwa maelfu ya miaka, laini, mweusi, ukiukausha unawaka moto, na Waholanzi kwa karne nyingi waliuchimba wakaufanya kuni. Walipoanza kulima miaka ya elfu moja na kitu wakachimba mifereji maji yatoke, ardhi ikakauka, ikikauka hewa inaingia, inaoza, inashuka, ikishuka maji yanarudi, inabidi uyatoe tena na inashuka tena. Mpaka leo pampu hazilali. Kumbukeni hili la ardhi kushuka, tutalihitaji mbele.

Makanisa nitayapitia haraka. Lile la Waprotestanti, Amstelkerk, lilijengwa 1774 na 1775 na Jacob Eduard de Witte, ni la heshima na la kimya. Lile la Wakatoliki la Mtakatifu Urbanus, la matofali na mnara mrefu, lilimalizika 1867 na msanifu wake ni Pierre Cuypers, ndiye huyohuyo aliyekuja kujenga jumba la makumbusho la Rijksmuseum na stesheni kuu ya Amsterdam, kwa hiyo ukiliangalia kanisa hili unamuona fundi kabla hajaitwa mjini. Wakatoliki wa Uholanzi kwa zaidi ya miaka mia mbili walikuwa wanasali kwenye nyumba za kujificha, hairuhusiwi mnara wala kengele, maaskofu wao wakarudishwa rasmi mwaka 1853, ndiyo maana minara mingi ya Kikatoliki nchi hii ni ya umri mmoja, watu walikuwa wamekaa muda mrefu bila kuonekana.

Sasa tuje kwenye kilichonileta mimi. Katikati ya kijiji, hapo hapo karibu na mto, kuna makaburi yanaitwa Beth Haim, maana yake nyumba ya uhai, ndiyo makaburi ya Kiyahudi ya zamani kuliko yote Uholanzi. Yalinunuliwa 1614. Waliolala humo wanatajwa kuwa zaidi ya 28,000 na ukiingia huwezi kuamini, kwa sababu unachoona ni uwanja wa majani na mawe mapana yamelala chali, mengine yamezama nusu, mengine yamemezwa kabisa.

Kuelewa walifikaje hapo inabidi turudi Ureno, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida, kwa sababu Mreno tunamjua. Mwaka 1497 mfalme Manuel wa Ureno aliwabatiza Wayahudi wa nchi yake kwa nguvu, utake usitake, na mwezi wa saba wa mwaka huohuo, mfalme yuleyule, meli za Vasco da Gama zikaondoka Lisbon, Aprili 1498 ziko Mombasa na Malindi. Sisi shuleni tulifundishwa nusu moja tu ya habari. Mwaka 1536 Ureno ikapata Inkwizisheni yake, mahakama ya kanisa ya kuwasaka waliobatizwa ambao nyumbani bado wanafunga siku zao na kuwasha mishumaa Ijumaa jioni, watu wakafungwa, wakateswa, wakachomwa hadharani, na wakati mawe ya Fort Jesus yanapangwa Mombasa kuanzia 1593 wale watu walikuwa wanatoroka kwa meli za biashara kuelekea kaskazini, majina ya Kikristo mdomoni na dini ya babu zao moyoni. Amsterdam ikawapokea. Ilihitaji wafanyabiashara wanaojua sukari, viungo, almasi, na wao walizijua.

Ila kuishi walikubaliwa, kuzikwa hawakukubaliwa. Waliomba ardhi ya makaburi Amsterdam wakakataliwa, wakaomba tena wakakataliwa tena, ikabidi wanunue kipande Groet, kaskazini huko karibu na Alkmaar, kuanzia 1607, hebu fikiria kumpeleka marehemu umbali ule kwa mashua na mkokoteni wakati wa baridi. Ndipo 1614 wakapata hapa Ouderkerk, na hata wale waliokwisha kuzikwa Groet wakahamishwa wakaletwa huku. Kuanzia hapo Amstel ikawa njia ya mazishi. Jeneza linapakiwa mjini, linapandishwa mto polepole, farasi wanavuta kwa kamba kutoka kwenye njia ya ukingoni, linateremshwa kwenye gati ya makaburi. Kile kijumba kinachoonekana mpaka leo kilijengwa 1705, ndani yake jeneza lilikuwa linazungukwa mara saba kwa sala kabla ya kwenda kaburini.

Mawe ya pale mtu ukae nayo. Yameandikwa Kireno, Kihebrania, mengine Kihispania, na matajiri waliagiza marumaru wakachongewa picha, Daudi na kinubi chake, Ibrahimu, malaika, fuvu na mifupa, saa ya mchanga yenye mabawa. Kuna jiwe la Samuel Senior Teixeira, wa 1717, limechongwa nabii Samweli akiwa mtoto anaitwa na Mungu, na Mungu mwenyewe kachongwa anaonekana, kitu ambacho Myahudi wa sehemu nyingine angeshtuka kukiona kaburini. Nimesikia watu wakiita hiyo ni jeuri ya pesa. Mimi siamini hivyo. Hawa ni watu waliolelewa makanisani Ureno, macho yao yalijifunza kuomboleza kwa picha, na walipopata uhuru hawakuweza kuyatoa macho waliyokua nayo.

Na nani amelala humo! Samuel Palache, mzaliwa wa Fez, mjumbe wa sultani Zidan wa Moroko, mmoja wa waliosimamia mkataba wa 1610 kati ya Moroko na Uholanzi, alipofariki 1616 mwanamfalme Maurits mwenyewe alilisindikiza jeneza lake. Yumo Elijah Montalto, daktari wa malkia Maria de Medici wa Ufaransa, alifia Tours 1616, ikabidi mwili utiwe dawa usioze na usafirishwe mpaka hapa, akiletwa na kijana aliyekuwa mwandishi wake, Saul Levi Morteira, ambaye alibaki Amsterdam akawa rabi mkubwa. Yumo Menasseh ben Israel, rabi na mchapaji vitabu aliyekwenda London kumuomba Cromwell awafungulie Wayahudi mlango wa Uingereza. Wamo baba na mama yake Spinoza mwanafalsafa. Mtoto wao hayumo, alitengwa na jamii yake mwaka 1656 chini ya uongozi wa yuleyule Morteira, akafia The Hague na akazikwa kanisani hukohuko. Mama yupo hapa, mwana yuko kwa watu wengine, na hilo kwa kweli kila nikipita linanishika.

Mchoraji Jacob van Ruisdael alikuja hapa katikati ya miaka ya 1650 akachora mawe haya, kisha akatengeneza picha mbili, moja iko Dresden na nyingine Detroit, ambamo makaburi ni ya kweli kabisa, kaburi la Montalto unalitambua, ila akayazungushia magofu, mlima na kijito kinachoporomoka. Ukisimama pale unajua kwamba mlima Ouderkerk haukuwepo na haupo, ni tambarare mpaka jicho linachoka.

Sasa huyu ndiye niliyetaka mumjue. Anaitwa Elieser. Alikuwa mtu mweusi, mtumishi wa Paulo de Pina, na alizikwa hapa mwaka 1629. Bwana wake ni mtu mwenye habari ndefu, alitoka Ureno 1599 akienda Roma kutaka utawa, njiani Italia akaangukia mikononi mwa yule daktari Montalto akamgeuza mawazo, 1604 akawa yuko Amsterdam, Myahudi, na mtunzi wa mashairi, 1624 jamaa waliigiza sinagogini mchezo wake ambao ndani yake milima inaongea. Ya De Pina yameandikwa. Ya Elieser tunayo jina, jina la bwana wake, mwaka, na jiwe lenye maneno machache ya Kireno yanayomwita mtumishi mwema.

Na hata hilo jiwe si jambo dogo ukijua mazingira. Miaka miwili kabla, 1627, viongozi wa jamii walikuwa wamepitisha uamuzi kwamba mtu mweusi au chotara asizikwe pale isipokuwa kwa masharti machache. Watu ambao wenyewe walinyimwa kaburi na Amsterdam! Nimewahi kubishana na rafiki juu ya hili, yeye anasema tusihukumu watu wa karne ya 17, mi nasema kuhukumu ni kitu kimoja na kusema wazi ni kitu kingine, na hapa nasema wazi, waliokimbia mateso walibeba na desturi za walikotoka, pamoja na desturi ya kumiliki watu. Lakini Elieser yumo. Mtu fulani aliamua awemo, akalipia jiwe, akalichongesha jina, na mbele ya jamii yote iliyokuwa imejadili hilo jambo juzi tu. Utumwa ndani ya mji wa Amsterdam haukutambuliwa kisheria, huku kampuni ya West India, iliyoanzishwa 1621, ikaja kuwasafirisha Waafrika kwa maelfu kuvuka Atlantiki, na baadhi ya familia zenye mawe makubwa pale Beth Haim zilikuwa na mashamba ya miwa Suriname. Hiyo nayo iko pale chini ya majani, huwezi kuchagua marumaru ukaiacha.

Na Elieser hakuwa mweusi peke yake mji huo. Katikati ya ile karne ya 17 palikuwa na jamii ndogo ya watu weusi huru pembeni ya mtaa wa Jodenbreestraat, mabaharia, askari, wanawake watumishi, wanaoana, wanasimamiana ubatizo, wanapanga vyumba vya chini ya ardhi, na Rembrandt alikuwa jirani yao akawachora. Watu wakituambia Waafrika tumekuja Uholanzi na ndege miaka ya themanini huwa nawajibu kwa jina la Elieser na mwaka wake. Siku hizi ana sanamu yake pale makaburini, na watu wa Suriname wa Bijlmer ndio waliokuwa wa kwanza kumkumbuka na kwenda kumuwekea maua. Sisi wa Afrika Mashariki tumechelewa kumjua.

Mnajua kwa nini jambo la kaburi linanigusa. Kila mwenye kikundi cha wasap cha Watanzania au Wakenya huku Ulaya anajua ile meseji inayoingia usiku, mwenzetu katutoka, tunaomba mchango wa kusafirisha mwili, mweka hazina ni fulani, namba ya akaunti ni hii. Tunachanga, mtu asiye na ndugu anachangiwa na watu wasiomjua, na marehemu anarudi Tanga, Kisumu, Moshi. Ila wengine hawarudi. Wapo waliozaa huku, watoto wanasema baba abaki tupate pa kwenda kumtembelea, wapo Waislamu wanaotaka kuzikwa haraka wasisubiri ndege, na hapo linakuja la ardhi, kwa sababu makaburi mengi ya Uholanzi unakodi kwa miaka kadhaa, muda ukiisha usipolipia mifupa inaondolewa apewe mwingine. Makaburi ya Wayahudi hayafukuliwi, mtu akilala amelala moja kwa moja, na ndiyo maana Wareno wale waling'ang'ania kununua ardhi yao wenyewe, hata kama ni mbali, hata kama ni tope. Nimekaa nikawaza sana juu ya hilo na ningependa viongozi wa jumuiya zetu nao walijadili kabla hatujafika kwenye meseji nyingine ya usiku.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, kati ya Wayahudi kama 140,000 waliokuwa Uholanzi waliuawa kama 102,000. Makaburi yao waliyoyataka hawakuyapata. Beth Haim ilibaki, na jamii ya Wareno iliyorudi ilikuwa ndogo mno kuitunza kama zamani, siku hizi wanasaidiwa na michango na watu wa kujitolea.

Ndiyo nikasema mkumbuke ile ardhi inayoshuka. Jiwe la marumaru ni zito, udongo ni laini, kila mwaka linazama kidogo, majani yanaota juu, baada ya miaka mia hakuna anayejua kama kuna mtu. Miaka ya 1860 alitokea bwana mmoja wa jamii hiyohiyo, David Henriques de Castro, akapata kibali, akaanza kuchokonoa ardhi kwa fimbo ya chuma, akisikia mlio wa jiwe anachimba, analiosha, ananakili maandishi. Mengi ya mawe yanayopigwa picha leo ni yeye aliyeyatoa, na 1883 akayachapisha na michoro yake. Hakuyamaliza. Kuna maeneo unakanyaga majani matupu na chini ya miguu kuna majina.

Ukitoka pale kama bado una pumzi zunguka De Ronde Hoep, ni shamba la duara kusini ya kijiji, nyumba ziko pembeni tu kwenye tuta na katikati hakuna hata moja, kama kilomita 17 za baiskeli mwendo wa kupumua. Wakulima wanachelewesha kukata majani mpaka vifaranga wa grutto wakue, yule ndege wa miguu mirefu na mdomo mrefu ambaye ndiye ndege wa taifa la Uholanzi, na vifaranga wakishakua, kiangazi hakijaisha, anaondoka kwenda mashamba ya mpunga ya Senegal na Guinea-Bissau.

Wanaotaka kwenda, msiende Jumamosi wala sikukuu za Kiyahudi, panafungwa. Wanaume mfunike kichwa, kofia yoyote inatosha, hata barakashia. Msikanyage mawe. Anzeni kwa Elieser, mkiona pagumu kumpata ulizeni wahusika wa pale, jina lake wanalijua, kisha nendeni kwa Palache, Montalto na wazazi wa Spinoza. Mimi nikiwa na nafasi Jumapili napeleka watu kwa baiskeli kutoka Bijlmer, asubuhi, watoto karibuni sana, andikeni hapo chini mkitaka kuja.